Kuwahi Jeraha: Shajara ya Mradi wa Hamira Dhidi ya Ukungu wa Machungwa

Februari, mwanzoni

Mradi umeanza. Pendekezo letu, kama mapendekezo yote ya aina hii, lilifunguliwa na makadirio ya mwaka 2019 ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwamba karibu asilimia 14 ya chakula cha dunia hupotea baada ya mavuno, kabla hakijamfikia muuzaji wa rejareja. Ni takwimu nzuri ya kuombea fedha. Ghalani hakuna asilimia. Kuna kreti ya machungwa iliyofunikwa wiki iliyopita na leo inanuka.

Swali tulilojipa ni hili: je, hamira, yaani kuvu wa seli moja moja, zinazoishi zenyewe kwenye ganda la chungwa zinaweza kuzidishwa maabara, zikarudishwa kwenye ganda kwa wingi mara tu baada ya kuchuma, zikalinda tunda dhidi ya ukungu wa kijani? Ukungu huo ni Penicillium digitatum. Hata asiyejua jina lake anaujua kwa sura. Huanza kama doa laini lenye majimaji. Ukilibonyeza, kidole kinazama. Siku chache baadaye utando mweupe hutanda juu yake, kisha katikati ya weupe huo hutokea vumbi la rangi ya zeituni linalopeperuka hata kwa pumzi. Chungwa moja lililofikia hapo huweza kubeba spora, yaani mbegu za ukungu, bilioni moja hadi mbili. Anayelinyanyua chungwa hilo na kulirusha pembeni anazigawia kreti zote za banda.

Kinachotupa matumaini ni kwamba ukungu huu hauna nguvu ya kupenya ganda lililo zima. Unahitaji jeraha: mkwaruzo wa kucha ya mchumaji, mchomo wa mwiba, kikonyo kilichokatwa kikabaki na ncha kikamtoboa jirani yake, mchanga ulionasa chini ya kreti. Mengi ya majeraha haya hayaonekani kwa macho. Kwa hiyo hatuna haja ya kulinda chungwa zima, tunalinda majeraha tu.

Dawa za ukungu kama imazalil na thiabendazole zinafanya kazi, sitajifanya hazifanyi. Lakini zimetumika miaka mingi katika mabanda yale yale, na ukungu uliokwisha kuzizoea umeonekana sehemu nyingi zinakolimwa machungwa. Tena nchi zinazonunua huweka kikomo cha mabaki ya dawa kwenye ganda, na kikomo hicho kinazidi kubana.

Februari, katikati

Njia hii imeshapitiwa na wengine. Mwaka 1984, Pusey na Wilson wa Marekani walionyesha kwamba bakteria Bacillus subtilis anaweza kuzuia uozo wa kahawia wa mapichi unaoletwa na kuvu Monilinia fructicola. Silaha ya bakteria huyo ilikuwa kemikali anayoitoa mwenyewe, iturini, na hapo ndipo ubishi ulipoanza: ni busara kumwaga kiumbe kinachotoa antibiotiki juu ya tunda litakaloliwa kesho kutwa? Ndiyo sababu mojawapo watafiti wengi waligeukia hamira, ambazo nyingi zinafanya kazi yake bila kutoa sumu yoyote.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote katika historia ya fani hii ni la Wilson na Chalutz. Waliosha matunda ya jamii ya machungwa, wakachukua yale maji ya kuoshea na kuyapaka kwenye sahani za agari, jeli ya kuoteshea vijidudu. Maji yakiwa mazito kama yalivyo, kwenye sahani ziliota hamira na bakteria tu. Yakizimuliwa mara nyingi, ukungu ukajitokeza. Ukungu ulikuwemo tangu mwanzo. Majirani zake walikuwa wameukalia.

Tumelirudia jaribio hilo kama salamu ya kuanzia kazi. Machungwa ya shambani, ambayo hayajapita mahali popote pa kuoshea, yalitikiswa kwenye maji safi yenye chembe ya sabuni laini. Sahani za maji mazito zilifunikwa na zulia la krimu lenye vidoti vya waridi, ambavyo ni hamira aitwaye Rhodotorula, na mabaka yenye utelezi yaliyoanza meupe yakaishia kuwa meusi pembezoni: huyo ni Aureobasidium pullulans, mwenyeji wa karibu kila ganda na kila jani. Sahani za maji yaliyozimuliwa zilikuwa na vishungi vya kijani na kijivu, vimejinafasi.

Tulijaribu pia machungwa yaliyokwisha kuoshwa kwa klorini na kupakwa nta. Sahani zake zilikuwa karibu tupu. Sijaacha kulifikiria hilo. Tunalisafisha tunda hadi linang'aa, tunaondoa waliokuwa wakililinda, halafu tunalipeleka kwenye ghala ambalo hewa yake imejaa spora.

Machi, mwanzoni

Tuna rafu nzima ya hamira na bakteria kwenye friji, kila mmoja na namba yake. Kabla ya kumpenda yeyote tumewapitisha kwenye kipimo kimoja kisicho na huruma: sahani zote ndani ya kabati la nyuzi 37, joto la mwili wa binadamu. Anayeota vizuri hapo anaondoka mradini, hata awe hodari namna gani. Kiumbe kitakachopakwa kwenye chakula kwa mamilioni hakitakiwi kustarehe ndani ya mtu, hasa mtu ambaye kinga yake imedhoofika. Rafu imepungua, na baadhi ya waliotoka walikuwa wazuri wa sura.

Kisha sahani za makabiliano: ukungu upande mmoja, mgombea upande wa pili, unangoja uone kama patabaki uwazi katikati. Bacillus wetu waliacha uwazi mpana wa kupigia picha. Hamira nyingi hazikuacha uwazi wowote. Ningekuwa mtu wa kuamini sahani ningefunga kazi hapo.

Aliyenivutia zaidi ni hamira moja ambayo dalili zote zinasema ni Metschnikowia pulcherrima. Kwenye agari ya kawaida hutengeneza duara la rangi nyekundu iliyoiva, karibu na damu ya mzee, na ndani ya duara hilo ukungu haukanyagi. Rangi hiyo ni pulcherrimini, inayotokea pale kitu anachokitoa hamira kinapokamatana na madini ya chuma. Hamira anayakusanya madini yote ya jirani na kuyafunga, na ukungu, ambao hauwezi kuota vizuri bila chuma, unabaki na njaa. Tuliongeza kloridi ya chuma kidogo kidogo kwenye agari ili tuone kama maelezo hayo yanasimama. Kadiri chuma kilivyoongezeka, duara lilizidi kukolea rangi na kusinyaa, na mwishowe ukungu ukapita juu yake kama hakuna kitu. Hakuna sumu hapo. Kuna chakula ambacho mmoja amekifungia kabatini.

Machi, mwishoni

Sasa majeraha. Tunafanya hivi: chungwa linaoshwa, linafutwa kwa spiriti, linaachwa likauke. Tunatoboa ganda kwa ncha ya chuma iliyowekewa kizuizi ili kila tundu liwe na upana wa milimita 3 na kina cha milimita 3. Kipimo hiki tunakisimamia sana. Ukitoboa hadi kwenye nyama ya tunda, asidi inabadilisha mchezo wote; ukitoboa juujuu, ukungu hauna pa kushika. Tundu linapofunguka vifuko vya mafuta vya ganda vinapasuka na maabara nzima inanukia, na mafuta hayo nayo yana athari zake kwa hamira, kwa hiyo tunayaacha yakauke kidogo. Kisha tunadondosha mikrolita 20 za maji yenye hamira, seli milioni 100 kwa kila mililita. Baadaye tunadondosha spora za ukungu, elfu 10 hadi laki moja kwa mililita, tukihesabu kwa hadubini kwenye kioo chenye miraba. Machungwa yanapangwa ndani ya masanduku yenye unyevu, joto nyuzi 20 na kitu.

Kila mgombea aliingia kwa sura tatu: akiwa hai, akiwa amechemshwa akafa, na maji aliyoogelea peke yake, yamechujwa hadi yasibaki na seli hata moja. Kundi la nne ni maji matupu.

Matokeo yaligeuza msimamo wa sahani kichwa chini. Majeraha ya maji matupu yalioza karibu yote. Bacillus wenye uwazi mpana walisaidia kwa kiasi, basi. Hamira mbili ambazo kwenye sahani hazikuwa na lolote la kuonyesha ziliacha majeraha mengi makavu, yenye kingo za kahawia, yamejifunga. Mwenzetu anayesimamia hesabu alirudia kusoma namba za masanduku mara mbili kabla ya kukubali kuandika.

Hamira zilizokufa hazikulinda kitu. Maji yaliyochujwa hayakulinda kitu. Maana yake ulinzi uko kwenye uhai wenyewe: seli zinazokula, zinazogawanyika, zinazojaza nafasi. Spora ya P. digitatum haichipui kwa maji matupu, inahitaji sukari na nitrojeni zinazovuja kutoka kwenye seli zilizopasuka. Hamira nazo zinataka vitu vile vile, na seli zake huanza kugawanyika wakati spora bado inavimba ikijiandaa. Tulichimbua majeraha, tukayasaga na kuhesabu: ndani ya siku moja au mbili za kwanza, hamira wa mbele walikuwa wameongezeka mara nyingi sana kuliko tulivyowaweka. Wale walioshindwa walikuwa wamebaki vile vile, au wamepungua.

Si chakula pekee, nakiri. Zipo hamira zinazotoa vimeng'enya vya kumomonyoa ukuta wa kuvu, kama kitinasi na glukanasi. Zipo zinazoshikamana na nyuzi za ukungu. Zipo zinazotoa harufu zinazodumaza. Na ganda lenyewe likiguswa na hamira hai huamsha kinga yake. Zile kingo za kahawia kwenye majeraha yaliyopona si bahati. Lakini nikiulizwa wapi pa kuweka dau, naliweka kwenye kasi ya kukua ndani ya jeraha. Kuanzia leo hicho ndicho kipimo chetu cha kuchagua, na sahani za makabiliano tumeziweka kando.

Aprili

Huu ndio mwezi ulioamua sura ya mradi.

Tulichukua hamira wetu wa kwanza na kubadilisha kitu kimoja tu: muda. Kundi moja lilipata hamira siku moja kabla ya spora. Kundi la pili lilipata vyote kwa pamoja. Kundi la tatu lilipata spora kwanza na hamira saa chache baadaye, la nne siku moja baadaye.

Hamira akitangulia, majeraha yanakaa safi. Wakiingia pamoja, anashinda mara nyingi, ila si daima. Akichelewa saa chache, anaanza kupoteza. Akichelewa siku nzima, machungwa yake huwezi kuyatofautisha na yale ya maji matupu. Kwenye joto la nyuzi 20 hadi 25 spora huhitaji takriban siku moja tu kuchipua na kujipenyeza, na baada ya hapo ukungu unajitengenezea chakula kwa kuyeyusha ganda kutoka ndani, mahali ambapo hamira aliyekaa juu hamfikii.

Wingi nao una mpaka. Tulipopunguza hamira kutoka milioni 100 hadi elfu kadhaa kwa mililita, ulinzi ulitoweka. Tulipoongeza spora kupita kiasi, ulitoweka vilevile. Ghala chafu litamshinda hamira yeyote, na ningependa sentensi hii ibandikwe mlangoni.

Msimamizi wa banda la kufungashia, mtu mzima aliyeanza kazi hii kabla sijazaliwa, alikuja kuona masanduku.

"Daktari, hii dawa yako inaua baada ya saa ngapi?"

"Haiui, mzee wangu. Inawahi."

"Ikichelewa?"

"Ikichelewa umemwaga maji."

Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimewahi kuona kreti zinakaa wapi kati ya kuchumwa na kufika bandani. Twende ukaone, akasema.

Tukaenda. Wachumaji wanachuma asubuhi, kreti zinashushwa chini ya miti, gari linakuja likijaa. Zile za kwanza zinangoja juani hadi alasiri. Zikifika bandani foleni ni ndefu, nyingine zinalala hapo hadi kesho yake. Chungwa lililokwaruzwa saa mbili asubuhi na kuchovywa kesho saa tano limempa ukungu siku nzima na ushee, tena kwenye joto analolipenda. Maabara sisi tulikuwa tunabishana juu ya tofauti ya saa mbili.

Kwa hiyo mradi umeongezewa kazi ambayo haikuwa kwenye pendekezo: kufupisha njia. Kreti za asubuhi kwenda kwanza. Kivuli. Na tunafikiria pampu ya mgongoni ili hamira apulizwe palepale shambani, kreti inapojaa. Mfadhili ameuliza hiyo ni mikrobiolojia au uchukuzi. Nimemjibu ni vyote viwili.

Tumeongeza pia glavu na mkasi wa kuchumia wenye ncha butu. Jeraha ambalo halikutokea halihitaji hamira.

Mei

Tangi la kuchovya. Hapa ndipo hamira hodari wa maabara wanapofia, na sababu zote ni za kawaida mno.

Ya kwanza ni klorini. Machungwa hupita kwenye maji ya klorini ili kuua spora, jambo jema kabisa, kisha moja kwa moja kwenye tangi letu, yakiwa bado yanachuruzika. Klorini haijui hamira rafiki na ukungu adui. Tuliweka hatua ya kusuuza kwa maji safi katikati, na hesabu ya seli hai tangini ikatulia.

Ya pili ni uzito. Hamira ni seli nzito kiasi, hutua chini. Tangi lisilokorogwa lina maji karibu matupu juu na tope la hamira chini, na matunda yanaelea juu. Sasa kuna pampu ndogo ya kuzungusha.

Ya tatu ni uchafu. Kadiri matunda yanavyopita, vumbi, vipande vya majani na spora vinajilimbikiza tangini. Hamira wanapungua kwa sababu kila tunda linaondoka na wachache, ukungu unaongezeka kwa sababu kila tunda linaleta wachache. Tusipobadilisha maji na kuongeza hamira, jioni tutakuwa tunayachovya machungwa kwenye maji ya ukungu kwa uangalifu mkubwa. Fundi wa tangi sasa anachukua sampuli, anazipaka rangi ya buluu ya methileni na kuhesabu: seli iliyokufa inaingia rangi, iliyo hai inaifuta rangi hiyo na kubaki bila rangi. Amekuwa hodari kuliko mimi.

Kuhusu kuchanganya na vitu vingine. Imazalil huzuia utengenezaji wa ergosteroli kwenye utando wa seli ya kuvu, na hamira nao ni kuvu, kwa hiyo nta yenye imazalil ikipakwa juu ya hamira wengi wanadhoofika. Thiabendazole kwa kipimo kidogo wanaivumilia zaidi. Hili si jipya: Candida oleophila, hamira iliyoandikishwa Marekani mwaka 1995 kwa jina la Aspire, ilifanya vizuri zaidi ikichanganywa na thiabendazole ya sehemu 200 tu kwa milioni, kiasi kidogo sana kuliko kinachotumika dawa ikiwa peke yake. Sisi tumependelea sodiamu baikabonati ya asilimia 2. Haiui spora, inazizuia kuchipua kwa muda, na muda ndio tunaoutafuta. Hamira wetu anaivumilia. Kwa pamoja walilinda hata majeraha yaliyotangulia kuambukizwa kwa saa chache, kitu ambacho hamira peke yake hakukiweza.

Juni

Wenzetu wanaoshughulika na maembe waliomba hamira huyo huyo. Tuliwapa, nikiwa na mashaka.

Chule ya maembe huletwa na kuvu Colletotrichum, na huyo ana tabia nyingine kabisa. Spora zake hutua wakati wa maua na matunda machanga, zinachipua, zinajibandika kwa kiungo kigumu cheusi kinachoweza kutoboa ganda bila jeraha, kisha zinalala. Embe linachumwa likiwa safi kabisa. Linapoanza kuiva, kuvu linaamka na madoa meusi yanajitokeza kila upande. Kumpaka hamira kwenye embe hilo baada ya kuchuma ni kufunga mlango mwizi akiwa amelala chumbani.

Matokeo yakawa hivyo hivyo: hayakutofautiana na maji. Kwa maembe wenzetu wamerudi kwenye maji ya moto, nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika chache, ambayo hufika pale kuvu lilipolala, na baada ya kupoa ndipo wanapaka hamira, ili ganda lililosafishwa lisibaki wazi. Pia wanaangalia njia ya kupuliza Bacillus shambani kabla ya mavuno. Kwa kazi hiyo bakteria huyu anafaa kuliko hamira, kwa kuwa hutengeneza spora zake mwenyewe zinazostahimili jua na ukavu.

Julai

Hamira wa kioevu hukaa wiki chache tu kwenye friji kabla hawajaanza kufa au kuchafuliwa na wengine. Hakuna banda litakalokubali kufuga mitungi ya mchuzi. Tunahitaji unga.

Kukausha kwa kugandisha kunaua wengi. Maji yanapotoka kwenye seli, utando wake unakunjamana na kupasuka unaporudishiwa maji. Sukari iitwayo trehalosi husaidia, inakaa pale maji yalipokuwa na kuushikilia utando usianguke. Maziwa yaliyotolewa mafuta nayo yanasaidia kwa bei ndogo. Mchanganyiko wa vyote viwili umetupa unga unaofufuka vizuri, mradi ukae kwenye pakiti isiyopitisha hewa, kwenye baridi. Pakiti zilizoachwa kwenye joto la chumba zimeshuka haraka.

Kilichonishangaza ni jinsi ya kuwafufua. Unga ukimwagwa moja kwa moja kwenye tangi la maji baridi, sehemu kubwa hufa palepale, wakati unga ule ule ukilowekwa kwanza kwenye maji vuguvugu yenye sukari kidogo, ukaachwa utulie kabla ya kukorogwa, unatoa seli hai nyingi zaidi. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko faida yote tuliyoipata kwa kuhangaika na aina za sukari. Tumeandika maelekezo ya pakiti kwa sentensi fupi tatu, na ya kwanza inahusu maji vuguvugu.

Nikiangalia bidhaa zilizotangulia, naona hapa ndipo nyingi zilipokwama. Aspire yenyewe iliondoka sokoni baadaye. BioSave, iliyotengenezwa kwa bakteria Pseudomonas syringae na kuandikishwa mwaka huo huo wa 1995, ilidumu zaidi. Mwenye banda hanunui kiumbe hai, ananunua matokeo yanayofanana kila wiki.

Agosti

Jaribio la ghala la baridi limefunguliwa leo. Machungwa ya kawaida, hayajatobolewa na mtu, yamechumwa na wachumaji wa kila siku, nusu yamepita tangini na nusu hayakupita, yote kwenye nyuzi 5.

Ukungu wa kijani umepungua waziwazi upande wa hamira, na kupungua zaidi kwenye kreti zilizochovywa siku ileile ya kuchumwa. Zile zilizolala foleni usiku mmoja ziko katikati. Nilitarajia hivyo, lakini kuona safu mbili za kreti zikitofautiana kwa sababu ya usiku mmoja tu ni kitu kingine. Nimempigia picha msimamizi wa banda.

Ukungu wa buluu, Penicillium italicum, haukupungua sana. Huyu anaivumilia baridi kuliko ndugu yake wa kijani, na huhama kutoka tunda hadi tunda kwa kugusana, bila kungoja jeraha. Kwenye kona moja ya kreti tulikuta kiota chake, chungwa moja katikati na waliomzunguka wote wameshika buluu pale walipoegemeana. Hamira wetu hukua pia kwenye baridi, ila polepole, na polepole haitoshi.

Uozo mchachu, unaoletwa na kuvu Geotrichum citri-aurantii, ulijitokeza kwenye matunda yaliyoiva sana: laini kama uji, harufu ya siki, inzi wadogo wakiuzunguka mara tu kreti ilipotoka kwenye baridi. Hamira hakuufanya lolote. Imazalil nayo haiufanyi lolote, kwa hiyo hapo tuko sare.

Tumekubaliana hivi kwa msimu unaokuja. Mgombea ni mmoja, pamoja na baikabonati. Anapulizwa shambani kwenye kreti za asubuhi na anarudiwa tangini. Metschnikowia mwenye duara jekundu anabaki kwenye friji kwa ajili ya majaribio ya ukungu wa buluu, kwa sababu kwenye nyuzi 5 yeye ndiye aliyekua haraka kuliko wenzake. Kreti yoyote itakayolala usiku bila kuchovywa inawekewa alama, haiingii ghala la muda mrefu, inauzwa kwanza. Alama hiyo imependekezwa na msimamizi wa banda, na ameshanunua rangi.